Mishono ya Mkono wa Kushoto

Euless, Texas
12 Novemba 2003

Kwa dada yangu mpendwa Jedidah,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti lako limepunguza kukusumbua. Mimi mwili hauna shida. Baridi imeanza, na ndege zinapita juu ya paa letu siku nzima, hata sizisikii tena. Nisamehe kwa kunyamaza miezi minne. Si kazi ya nyumba ya wazee iliyonizuia. Nilikuwa na jambo ambalo sikujua nilianzie wapi.

Nilikuambia kwenye simu kwamba nikitoka zamu huwa nashona, kwa kuwa Wakenya wa hapa hawapati fundi wa kuwapunguzia suruali. Mwezi wa sita alikuja kijana mmoja anayeitwa Dedan, mtu wa Embu. Anafanya kazi ya kompyuta Houston, lakini hutumwa huku Dallas kila wiki. Alibeba mfuko mkubwa wenye gauni la satini ya zambarau, limeshonwa nusu, kola ndefu, mikono imefura kama maboga. Pamoja nalo alileta kitabu cha katuni za Kijapani. Msichana wa kitabu hicho ni fundi mwenye haya, anayejishonea mavazi ya mashujaa na kumchanganya kijana wa jirani, asijue anampenda yupi kati ya wasichana watano ambao wote ni mmoja. Nilicheka hadi nikakaa chini. Dedan akanieleza kwamba Dallas kuna mkutano wa watu wazima wanaovaa kama michoro hiyo, na kwamba gauni lilihitajika Septemba. Nilipouliza mvaaji yuko wapi nimpime, alisema yuko Houston, akanipa vipimo kwenye karatasi.

Kuanzia hapo hakukosa kisingizio. Leo kifungo, wiki ijayo zipu. Siku moja alileta suruali ambayo pindo lake lilikuwa limefumuliwa kwa wembe, wazi kabisa, nami nikajifanya sioni. Alikuwa akikaa jikoni akinisomea kitabu kile kwa Kiswahili, sauti ya msichana akiifanya nyembamba mpaka inakatika. Nikajikuta naingojea Alhamisi, siku yake ya kuja.

Lakini lile gauni, dada, halikunipa raha. Aliyelianza alikuwa mtu wa kushoto, kwa maana mishono yake ya mkono ililalia upande mwingine kabisa. Nikaendelea kwa namna yangu. Jumamosi moja mchana niligeuza bitana nikague, nikashindwa kuona yeye aliishia wapi na mimi nilianzia wapi. Mishono yote ililala upande wake. Nikafumua kipande cha kiuno na kuanza upya, polepole, huku nikijitazama. Sindano ilikuwa katika mkono wangu wa kushoto. Wewe unajua mkono huo hata kijiko hauwezi. Nilipolijaribu gauni mbele ya kioo, lilinikaa kana kwamba vipimo vile vilichukuliwa kwangu.

Septemba ikafika, na Dedan akasema yule wa Houston hataweza kuja, je, ningevaa mimi? Nikakubali. Ukumbi ulijaa watu wenye mabawa ya karatasi na panga za mbao, wachangamfu wote, kila mmoja akiomba kunipiga picha. Sijawahi kupendeza vile maishani. Dedan alinitazama bila kupepesa. Ndipo mama mmoja wa Kikongo, amevaa kitenge, akapenya katikati ya watu na kunishika mashavu yote mawili.

“Kethia,” aliniita. “Mutoto yangu, ulikuwaka wapi?”

“Nilikuwa njiani, maman,” nikamjibu.

Nilijibu kabla sijafikiri, na kwa lafudhi yake. Dedan akaangusha kamera.

Tulimkalisha kitini. Anaitwa Mama Bernadette, anakaa Stafford, karibu na Houston. Binti yake alikuwa amemsihi miaka yote aje auone mkutano ule, naye hakuwahi kuja binti alipokuwa hai, ndiyo sababu alikuja mwaka huu. Hapo ndipo Dedan aliponiambia kwamba Kethia alikuwa mchumba wake. Alifariki Machi mwaka jana, gari lilipopinduka akija Dallas, gauni likiwa kwenye kiti cha nyuma. Dedan alisema alitaka tu kuliona limekwisha.

Dada, watu wote wanadhani nilidanganywa, na nimewaacha wadhani hivyo. Ukweli ni kwamba nilijua tangu Julai. Chini ya mfuko ule kulikuwa na karatasi ya ibada ya mazishi yenye picha ya Kethia, na jina la Dedan kama mchumba wake. Niliisoma yote, nikairudisha mahali pake. Nilivaa nguo ya marehemu nikijua, kwa sababu nilitaka Dedan anitazame alivyomtazama yeye. Nilidhani nikishampata nitaivua, basi.

Nilimwambia Dedan wiki iliyofuata. Alisema kwamba gauni ndilo lililomleta siku ya kwanza, lakini lile pindo alilifumua kwa ajili yangu. Ameniomba tuoane mwezi wa nne, na nimekubali. Tuli-drive pamoja hadi Stafford kumrudishia Mama Bernadette gauni lake. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, nikaomba radhi. Alilikunja, akaliweka kabatini, akanitazama usoni.

“Siko na hasira na weye,” alisema. “Lakini umerudisha nguo tu.”

Sikumwelewa siku ile. Barua hii unayoisoma ni ya pili. Ya kwanza niliimaliza asubuhi, nikaichana, kwa sababu nilipofika mwisho niliona nimeandika Kethia mahali pa jina langu, kwa mwandiko mzuri usio wangu.

Tafadhali nipigie simu mara uipatapo hii, hata kama ni dakika moja. Uniite kwa jina alilonipa mama, na nikichelewa kuitika, usikate, ita tena. Nisalimie shemeji na watoto, na uwaambie mama yao mdogo anawapenda. Mungu akutunze.

Ni mimi mdogo wako,
Kagendo