Nitumie Zilizoharibika

Tarehe 3 Machi

Shikamoo Mjomba,

Pokea salamu za mpwa wako, ambaye sasa si mshika taa tena, ni mpiga picha kamili. Mimi mzima, nakula nashiba, wasiwasi wangu ni mgongo wako na hiyo studio yenye zulia linalonuka dawa. Fundi saa wa mlango wa pili hajambo? Bado anakuja kunywa chai yako na kuisifia yake?

Nimepata kazi kwenye duka la samaki. Usicheke. Si wa kula, ni wa mapambo. Wanaishi kwenye matangi ya kioo, wana taa, wana mashine ya hewa, wanalala pazuri kuliko mimi. Tajiri mwenye duka anataka kitabu cha picha, samaki mmoja mmoja, awaonyeshe wateja wa mbali. Akauliza nani anajua kamera. Nikasema mimi, nimefundishwa na bingwa. Bingwa ni wewe, nimekupandisha cheo bila kukuuliza.

Sasa kuna kitu kidogo. Si kwamba nimeshindwa, mimi huwa sishindwi. Ila nikipiga flashi, linatokea jua jeupe katikati ya kioo, na nyuma ya jua natokea mimi, mdomo wazi, kamera puani. Samaki ni ukungu pembeni. Filamu nzima iko hivyo. Nadhani kioo cha hapa ni cha ovyo. Wewe ungefanyaje, kama ungekuwa na bahati ya kuwa mimi?

Mpwa wako


Tarehe 15 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo upo mahali pake. Fundi saa anakusalimu, anasema tangu uondoke bisibisi zake hazipotei.

Kioo hakina kosa. Wewe unapiga flashi kama uko mbele ya bwana harusi. Mwanga ukienda kwenye kioo moja kwa moja, unarudi ulikotoka. Itoe flashi kichwani mwa kamera, iunge kwa waya wake, ilaze juu ya tangi ikitazama maji. Samaki amezoea jua la juu, rangi zake zitawaka zenyewe. Zima taa zote za chumba. Futa kioo nje na ndani. Lenzi iguse kioo kabisa, uizungushie mpira. Na uvae shati jeusi, maana hilo jeupe unaloringia ndilo linalokuingiza kwenye picha. Bora zaidi, chukua kitambaa cheusi, toboa tundu la lenzi, ujifiche nyuma yake. Na usimkimbize samaki kwa kamera. Chagua mahali, umsubiri aje.

Nina ombi moja. Umekaa na mimi miaka yote hiyo na sina picha yako hata moja, kwa sababu kila siku ulikuwa nyuma ya taa. Jipige, unitumie. Usichelewe.

Mjomba wako


Tarehe 22 Mei

Shikamoo Mjomba wa maarifa,

Mimi sijambo, na nikisema sijambo leo namaanisha. Fungua bahasha taratibu usije ukaanguka. Umemwona huyo mwekundu, mkia kama shela ya bibi harusi? Nilizamisha kioo cha pili ndani ya maji, nikambana kwenye kichochoro chembamba upande wa mbele, akawa hana pa kurudi nyuma kwenye ukungu. Hiyo hukunifundisha, ni akili yangu mwenyewe. Magamba unaweza kuyahesabu. Na mimi simo, hata ukucha. Tajiri aliishika picha akaniuliza, "Huyu samaki amejipiga mwenyewe?"

Picha yangu utapata, ila si sasa. Nataka nikutumie ya maana, nimevaa suti, nimesimama mbele ya studio yangu, jina juu ya mlango. Haraka ya nini? Hata ndevu zenyewe bado zinajadiliana kama zitoke.

Halafu mwandiko wako umepatwa na nini? Herufi kubwa kama za tangazo, mistari inapanda mlima. Umerudi chekechea? Mimi niliyeikimbia shule katikati naandika kukushinda.

Mpwa wako, bingwa wa samaki


Tarehe 9 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Kalamu niliyopata ni nene, ndiyo maana.

Samaki nimempokea. Nimemtazama pale dirishani kwenye mwanga. Umemweza. Hicho kioo cha pili ningekijua zamani ningewabana nacho watoto wa picha za shule.

Basi kama suti haijashonwa, nitumie zile zilizoharibika. Zile za kwanza. Zote.

Mjomba


Tarehe 30 Juni

Shikamoo Mjomba,

Natumaini u mzima, maana ulimi wako ni mzima kabisa. Nilisoma barua yako nikacheka, nikairudia, sikucheka tena. Nakujua. Unataka za kutundika kwenye ule ukuta wa nyuma, unakobandika picha walizoharibu wanafunzi wako, wateja wakisubiri zamu wapate kichekesho. Yule bwana harusi wangu niliyemkata kichwa amekaa pale mpaka amegeuka rangi ya chai. Fundi saa akiingia anamsalimia yeye kwanza. Mimi nakutumia samaki wa kuwekwa kwenye fremu, wewe unaulizia takataka.

Hupati. Nimezikatakata kwa mkasi wa tajiri, pamoja na negativu zake, nikamwaga kwenye pipa la maji machafu. Mimi si mwanafunzi wa ukutani tena.

Hao samaki wengine wawili niliowatia kwenye bahasha uwatundike ukitaka.

Mpwa wako


Tarehe 18 Septemba

Shikamoo Mjomba,

Hali yako? Mimi naendelea. Hii ni barua ya pili bila jibu. Kama umenuna kwa ajili ya zile picha, mtu mzima na mvi zake kununa hakumpendezi.

Kitabu cha tajiri kimetoka. Jina langu lipo ukurasa wa mwisho, dogo, inabidi uinamie, lakini lipo. Nimekuwekea nakala. Andika hata mstari mmoja. Nikejeli basi, nimezoea.

Mpwa wako


Tarehe 11 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua hii nasema mimi, anaandika fundi saa, kwa hiyo makosa ya herufi ni yake. (Makosa hakuna. Fundi saa.)

Sikununa. Ni macho. Daktari anasema ni presha ya macho, ilianza zamani, mimi nikadhani lenzi zangu zimezeeka. Uliponiandikia mara ya kwanza nilikuwa naona kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Samaki wako mwekundu nilimwona kipande kipande, mkia kwanza, kisha jicho. Sasa ninachojua ni kwamba taa imewashwa au imezimwa, basi.

Picha za ule ukuta nilizibandua siku ulipoondoka, nikamwacha bwana harusi wako peke yake. Zile zilizoharibika nilizitaka kwa sababu wewe ulikuwemo. Mdomo wazi, kamera puani, ulisema mwenyewe. Ningekuona.

Sikukwambia kwa kuwa ungeacha kazi ukaja mbio. Na ni mimi niliyekuvalisha shati jeusi, usijibebeshe lawama peke yako.

Studio nimeifunga, nakaa chumba cha nyuma. Picha usitume tena. Wewe niandikie.

Mjomba wako


Tarehe 27 Oktoba

Shikamoo Mjomba,

Fundi saa, soma polepole na usiongeze ya kwako.

Sijui nikuulize vipi hali yako safari hii. Nimeanza barua hii kwa utani mara kadhaa, haukai. Basi nakwambia nilichofanya.

Juzi asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, nilivaa shati jeupe. Kitambaa cheusi nikakikunja nikakikalia. Nikawasha taa zote za chumba, flashi nikairudisha juu ya kamera, kamera nikaishusha kifuani, nikakaa mbali na kioo, mbele kabisa ya tangi la yule mwekundu. Kila ulichonikataza. Nikapiga moja.

Nakusimulia, kama ulivyokuwa ukinilazimisha kuusimulia mwanga kabla sijagusa kamera. Jua jeupe limekaa chini, kifuani. Juu yake nipo mimi. Nimekonda, ile nakula nashiba usiiamini sana. Ndevu zilikataa. Masikio ni yako, sikuwahi kuyaona mpaka juzi. Mdomo wazi. Samaki amepita kwenye paji la uso, ukungu mwekundu tu, utadhani nimejifunga kilemba. Suti hakuna, mlango wenye jina hakuna. Ningeweza kuipiga hii mwezi Machi, Mjomba, na shati lilikuwa hilihili.

Ulisema nisitume. Nimetuma. Ishike mkononi, upande wenye uso ndio ule laini. Ukimaliza mpe fundi saa, asiitafutie fremu. Aitundike kwenye ule ukuta, karibu na bwana harusi. Imeharibika kabisa. Nimo.

Mpwa wako