Malkia Anayelilia Majivu

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefunga duka mapema. Mazoezi tena, ukumbini Msimbazi. Tanzia ya kale. Mimi ni malkia: mume kanikimbia kwa mwanamke mwingine, namchomea nyumba akiwa ndani, kisha nayalilia majivu. Mwalimu Ngonyani anayetuongoza hakuridhika. "Mama Rehema, unampenda au unamchukia? Chagua." Nikachagua chuki. Ikatoka kavu. Nikachagua mapenzi. Wenzangu wakacheka.

Jumatano, 6 Agosti
Hamza kalazwa. Kiharusi. Baba yake Rehema, aliyenipa talaka akamuoa Zuhura wa Buguruni. Zuhura mwenyewe ndiye kanipigia simu. Ana kichanga, yuko ndani ya arobaini, hana wa kwenda wodini. "Dada, najua sina haki ya kukuomba." Nikamwambia sitaki kulisikia jina la huyo mtu. Nikakata simu.
Kisha nikajikuta nimebandika uji.

Ijumaa, 8 Agosti
Mdomo umekwenda upande. Hamza huyu, aliyekuwa akipita Kariakoo wanawake wanageuza shingo. Nimemlisha kwa kijiko. Uji unamtiririka kidevuni, namfuta. Moyoni nasema: ufe tu. Nachota tena, napuliza kwanza, usije ukamuunguza. Yote mawili kwa wakati mmoja. Siigizi. Naogopa.

Jumapili, 10 Agosti
Nesi kauliza, "Wewe nani wake?" Nikasema mke. Limenitoka laini kabisa. Rehema kanipigia, kafoka: "Mama, huna aibu?" Sina.
Sikuenda mazoezini.

Alhamisi, 14 Agosti
Daktari kasema kesho anaruhusiwa. Nilifurahi. Nikamwinamia Hamza nimpe habari. Ulimi bado mzito, lakini nilimsikia vizuri. "Mwambie Zuhura... nakuja nyumbani."
Kaniambia mimi! Siku zote hizi namgeuza, namwosha, namnyoa ndevu. Nikatamani kumziba pumzi kwa mto wake. Nikaushika. Nikamwekea vizuri chini ya shingo, nikaondoka bila kuaga.
Zuhura nimempigia. Nimemfikishia neno kwa neno.

Jumamosi, 16 Agosti
Onyesho. Ukumbi ulijaa. Nilipofika kwenye majivu, nilitakiwa kulia. Machozi hayakuja. Nilimtukana marehemu kwa maneno yote ya malkia, kwa sauti ambayo sijawahi kuwa nayo, na huku mikono inayakusanya majivu taratibu, inayakumbatia. Sikuituma. Ilifanya yenyewe. Makofi yalichelewa.
Nyuma ya pazia Mwalimu Ngonyani kaniletea maji. Hakuniambia tena nichague.

Jumatano, 10 Septemba
Arobaini imekwisha, Zuhura kaja dukani na mtoto. Anasema Hamza sasa anajikongoja mpaka mlangoni. Nikasema alhamdulillahi. Nilimaanisha. Nikampa kiti na chai, nikampokea mtoto. Wa kiume. Paji la uso ni la baba yake, na zile nyusi. Nilimpakata muda mrefu, akalala kifuani kwangu. Nikambusu.
Nikamrudishia mama yake.
"Zuhura, usije tena hapa."
Kaniangalia. Nadhani kaelewa kuliko nilivyotaka.
"Sawa, dada."
Nimemsindikiza mpaka barabarani, nimemshikia mkoba wake tulipovuka. Mchana wateja walikuwa wachache. Nimekunja vitenge upya, vyote. Jioni nimepika wali, nimekula, nimeosha sahani yangu.