Mashine Ubavuni mwa Baba

Cochabamba, 6 Agosti

Kwa Baba mpenzi,

Shikamoo. U hali gani, na usingizi je? Mimi mzima, ila vumbi la Agosti linanimaliza.

Kidonda cha upasuaji kikiwasha usikikune. Narudia maelezo kwa kuwa siku ile ulikuwa unasinzia. Mashine waliyokuwekea ubavuni hapa hospitalini kwetu haina betri. Inachukua mwendo wa mwili wako mwenyewe, unapopumua na kutembea, inaugeuza umeme, kisha inaushtua moyo wako ulioharibiwa na ugonjwa wa wadudu wa ukutani. Bila hiyo moyo unasahau kazi. Kisanduku nilichokupa kikae kando ya kitanda. Kinaisikia mashine ukiwa chumbani tu, kisha kinaniletea habari huku kazini.

Mwanao,
Nelva

Qhewiñal, 2 Septemba

Nelva mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, ni kikohozi kidogo tu, kondoo hawajambo, na moyo unakwenda.

Ila Saturnina, mama yako wa ubatizo, aliona kovu nilipokuwa naoga, na kufika jioni kijiji kizima kilikuwa na habari. Wanasema nilikutana na likichiri, yule anayefyonza mafuta ya watu wanaosinzia kwenye basi. Niliwacheka. Nikawaambia mashine hainyonyi mafuta, inakula mwendo wangu tu. Hapo ndipo nilipoharibu. Saturnina akasema, "Kumbe mwenyewe unakiri kwamba inakula."

Sasa nikipita wanaita watoto ndani. Na kweli nimekonda.

Baba yako,
Eulogio

Cochabamba, 15 Septemba

Baba,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimepoa.

Umekonda kwa sababu hupiki. Inachokuchukulia mashine ni kidogo mno, hata kobe asingeona pengo. Mwambie hivyo Saturnina na umsalimie.

Nina swali lakini. Kila alfajiri kisanduku kinaleta mwendo wa mtu anayepanda mlima, na kisanduku hakisikii nje ya chumba. Unafanya nini humo ndani?

Mwanao,
Nelva

Qhewiñal, 1 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Kikohozi kimekwisha.

Nafanya nini? Nimelala. Naota tunapanda mlima na marehemu mama yako, yeye mbele na mbegu za viazi mgongoni, wala hageuki. Naamka miguu ikiniuma kama ya mtu aliyetoka safari. Naogopa, sikufichi.

Msimu wa kupanda umefika na hakuna aliyekuja. Nimewalimia wote hawa tangu ujana, sasa zamu yangu imefika na shamba limekaa tupu. Mkutano wa kijiji umesema mganga akiitoa mashine, watarudi. Nelva, kuishi bila watu siwezi.

Baba yako,
Eulogio

Cochabamba, 9 Oktoba

Baba,

Hata salamu sina leo, nisamehe. Ikitolewa utakufa. Nakuja nikupandie viazi mwenyewe. Wachimba migodi waliogoma wamefunga barabara kwa mawe, lakini ikifunguliwa tu nitakuwa njiani. Nisubiri, Baba, nakuomba.

Nelva

Cochabamba, 3 Novemba

Baba,

Sijui nikuamkie vipi.

Barabara ilifunguliwa jana, na lori la kwanza limeleta barua ya Saturnina. Anasema mganga aliitoa bila shida, ilikuwa chini ya ngozi tu. Watu wakaja na ng'ombe wao, wakakupandia shamba lote, wakakupa chicha, ile pombe ya mahindi, mkacheka. Uliketi ukingoni ukiwatazama mpaka ukalala, wakadhani ni uchovu. Wamekuzika juu mlimani kando ya mama, na mashine wamekutia mkononi, ili likichiri mwenye mali asije kijijini kuidai. Anaomba radhi kila mstari. Nilimchukia, kisha nikashindwa kuendelea kumchukia.

Kisanduku bado kiko kando ya kitanda chako. Nyumba imefungwa, ufunguo anao yeye. Na kila alfajiri habari zinafika: mtu anapanda mlima, pumzi zake ndefu, si za mgonjwa. Naziogopa, na bado nawahi kazini nizione.

Mkuu wangu anasema ni hitilafu, na ameniagiza nizikate leo. Ni kubonyeza mara moja tu. Nimekaa hapa tangu asubuhi, Baba, na siwezi kukusimamisha njiani.

Mwanao,
Nelva