Sanduku la Shule la Nalotuesha

Kitengela,
21 Agosti 2005.

Yeyo wangu mpendwa,

Takwenya! Itikia kwanza, ndipo Phylis aendelee kusoma. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, goti limepoa, na yule ng'ombe mwekundu ameacha kupiga watu mateke akikamuliwa. Msalimie Baba sana, pamoja na mahindi yake, kama bado yamesimama. Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nalala, na tangu harusi natembea hapa Kitengela kichwa juu mpaka jirani zangu wa ploti wameniuliza kama nimenunua shingo mpya.

Phylis, nawe habari ya duka? Asante kwa kumsomea mama. Usiruke mahali, na tafadhali usiongeze la kwako. Ningepiga kwa simu yako, lakini haya si mambo ya kuingia kwenye simu inayokatika kila upepo ukivuma huko Illasit.

Yeyo, mama wa bibi harusi hamsindikizi binti yake kwa wakwe, kwa hivyo habari yako iliishia pale langoni kwetu. Nataka kukupa iliyobaki. Lakini lazima nianzie nyuma kidogo, maana kuna jambo ambalo hukulijua.

Utakumbuka mwezi wa sita Nalotuesha alikuja huku kununua shanga. Alinikuta dukani kwa Zakariye, yule Msomali aliyenipa kazi ya kutengeneza kompyuta, akaketi kwenye kreti ya soda, akawa anachezea shanga alizonunua. Nikajua ana neno. Mwishowe akasema kwamba tangu posa ikubaliwe hujampa neno zuri hata moja. Ni amri tu: leta maji, osha kibuyu, hiyo shanga imepinda. Alikuwa anaogopa kwamba umefurahi kumwondoa nyumbani. Na wewe mwenyewe ulimfundisha kwamba bibi harusi akigeuka kutazama kwao anakuwa jiwe. Basi angeondoka bila kujua kama umesimama ukimtazama au umerudi zako kuchunga maziwa yasifurike. Akaniomba nitazame kwa niaba yake, nije nimwambie.

Nilimjibu kwamba sitamwambia. Kaka anaweza kudanganya ili dada asilie. Nikamwahidi nitamwonyesha kwa picha, siku hiyohiyo, kabla hajatia mguu nyumbani kwa bwana harusi wake, Nick. Alicheka, lakini niliona amelishika lile neno, na mimi nikabaki na ahadi nisiyojua nitaitimizaje.

Kwa sababu Yeyo, filamu za harusi hazitengenezwi hivyo. Tunapiga picha, tunarudi dukani, tunaingiza kanda kwenye kompyuta kubwa ya mezani, tunakata na kuunganisha, na maharusi wanapata kanda yao wakati bibi ameanza kutapika asubuhi. Mimi nilihitaji kompyuta yenye nguvu za ile ya mezani, lakini inayosafiri. Laptop za pale dukani zilikuwa kuukuu, ukiziwekea filamu zinakwama kabla kwaya haijamaliza ubeti. Zile mpya zenye nguvu ni za mameneja wa benki. Nikasema basi, nitaunda yangu, kwa vipande vya kompyuta za mezani.

Zakariye alicheka mpaka akaweka chai chini. "Wewe unataka kubeba ng'ombe kwa mgongo," aliniambia. "Ng'ombe iko na miguu, wacha itembee." Lakini alinipa ufunguo wa stoo. Nikachagua motherboard, ile sahani ya kijani ambayo vipande vyote hushikana nayo, na prosesa yenye nguvu kuliko zote zilizokuwamo, na diski mbili za kuweka picha, na skrini bapa yenye kovu pembeni. Ikabaki nyumba ya kuvitia.

Sasa utajua kwa nini nilikuomba lile sanduku la bati ambalo Nalotuesha alienda nalo sekondari, lile ulilokuwa ukiwekea chakula cha kuku, ukanilaumu kwamba ninawanyima kuku wako haki. Nililipeleka kwa Ngui, fundi wa masanduku hapa barabarani. Alilitia vyuma kwenye pembe, akaifunga skrini ndani ya mfuniko, hivi kwamba ukifungua mfuniko, uso wa kompyuta unasimama wenyewe na kukutazama. Ngui alitaka kulipaka rangi nyeusi ipendeze. Nikakataa. Nililiacha jina lake kwa rangi nyeupe kama alivyoliandika yeye: NALOTUESHA, FORM ONE. Nilidhani ni pambo tu. Jina hilo karibu liniue.

Siku ya kwanza kulifunga, sanduku lilipata joto likazimika. Nikilifungua, vumbi la Kitengela linaingia na kuketi kama mgeni asiyeaga. Nilikasirika, nikalipiga teke, nikaumia kidole. Ndipo nikakumbuka nyumba yako, Yeyo, uliyoijenga kwa mikono yako ukaikandika. Hewa inaingia chini mlangoni, moshi unatoka kwa kile kitundu cha juu, na ndani watu wanapika na hawafi. Nikamwambia Ngui atoboe chini, tukaziba kwa kitambaa cha kuchujia chai ili vumbi libaki nje, na juu tukaweka feni ya kutoa joto. Lilifanya kazi kutwa nzima bila kuzimika. Zakariye aliuliza nimesoma kitabu gani. Nikamwambia kitabu cha mama yangu, jalada lake ni la mavi ya ng'ombe. Diski nazo nilizining'iniza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kwa sababu nilijua barabara ya kutoka kwetu mpaka Emali haina huruma.

Siku ya harusi uliiona mwenyewe. Baba na wazee walimbariki Nalotuesha kwa maziwa na nyasi, wakaniruhusu niende naye kama fundi wa picha, si kama kaka. Nick akampandisha mbele ya pikapu. Mimi nikaketi nyuma, nikipiga picha, na lango letu likawa dogo likapotea. Hapo nikaingia chini ya turubai. Sanduku lilikuwa juu ya godoro, limeunganishwa na betri ya lori kupitia kile kidude kinachogeuza moto wa betri kuwa stima. Nikaanza kukata filamu barabarani, Yeyo! Kichwa kikigonga chuma, mavumbi mdomoni, gari likiruka, na sanduku halikutetereka. Nilipiga kelele peke yangu kama moran. Dereva alisimama akidhani nimeanguka.

Tulipokaribia kwao Nick, nje kidogo ya Kajiado, kazi ya mikono ilikuwa imekwisha. Ilibaki kompyuta yenyewe iunganishe vipande viwe filamu moja. Hiyo ni kama wewe ukitunga shanga: uzi ukikatika kabla ya fundo, zote ziko chini. Tukasimama langoni. Nikashuka kunyoosha miguu. Na ndipo akaja shangazi yake Nick, mama mnene mwenye haraka, kupokea mizigo ya bibi harusi. Akaona sanduku la shule lenye jina la bibi harusi. Ungefanya nini wewe? Akalivuta, waya zikachomoka, akalibeba mpaka mbele ya nyumba mpya, akalifunga, na kwa kuwa alikuwa amechoka na sherehe, akaketi juu yake.

Nilikimbia nikamwomba asimame kwa heshima zote, na nakuapia, vyuma vya Ngui havikupinda hata kidogo. Nikalifungua, nikarudisha waya, nikakokota ile betri kutoka kwenye gari mpaka pale. Likawaka! Vipande vyangu vyote vilikuwa salama. Lakini kuunganisha kulipasa kuanza upya, na bibi harusi alikuwa tayari ameshuka garini, amesimama langoni.

Mila ikaniokoa. Unajua bibi harusi haingii tu, husimama akakataa mpaka aahidiwe mifugo. Nilimwonyesha kiganja kwa mbali, kumwambia angoje. Dada yangu ana akili. Baba yake Nick alimwahidi mtamba, Nalotuesha hakusogeza mguu. Ami yake Nick akaongeza kondoo. Hakusogea. Kila nikitazama skrini, ule mstari wa kazi unatambaa kama kobe, nami nanyanyua kiganja tena. Mbuzi wakaja, mmoja baada ya mwingine. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba wasichana wa Illasit wana mioyo ya mawe, na Nick jasho linamtoka. Yeyo, wale mbuzi wa mwisho si wa Nalotuesha, ni wa kompyuta, na nitawadai.

Filamu ilipokamilika niligeuza skrini kuelekea langoni, nikawaomba wampishe aone kwao. Pakazuka ubishi. Shangazi yule akasema hii ndiyo kutazama nyuma kwenyewe, kwamba nimeleta laana ndani ya bati. Wengine wakamwunga mkono. Hata mimi niliogopa. Basi mama yake Nick akaja akasimama kati ya sanduku na lango, akatazama huku na kule, akasema: "Hii kitu iko mbele yake, ndani ya boma yetu. Shingo hajageuza. Wacheni msichana aone mama yake." Watu wakampisha.

Sasa Phylis, kama kuna mtu dukani amekuja kununua sukari, mwambie arudi baadaye, na ufunge mlango.

Yeyo, ulidhani gari likishaondoka hakuna anayekuona. Mimi nilikuwa nyuma ya pikapu, na kamera yangu huvuta ya mbali yakawa karibu. Kwenye skrini Nalotuesha alikuona umesimama langoni umekunja mikono, uso mkavu. Kisha akakuona umegeuka, ukarudi ndani. Hapo aliinamisha kichwa, na nikamwambia kwa sauti angoje, aendelee kutazama. Maana ulitoka tena. Ulitoka mbio, wewe ambaye goti lako haliwezi kufika kisimani. Mkononi ulikuwa umeshika sweta yake ya kijani ya shule, ile ambayo alilia kuitafuta ukaapa kwamba ililiwa na mbuzi. Ulikimbia kando ya mahindi mpaka kwenye josho. Pale ukaivaa, ikakubana, mikono yake ikakomea kwenye viwiko vyako, ukalipungia lile vumbi mpaka tukakata kona. Na baada ya kona bado mkono wako ulionekana juu ya mahindi.

Nalotuesha alicheka kwanza. Alisema kumbe mbuzi wametapika sweta. Halafu alilia, Yeyo, na mama yake Nick akalia, na yule shangazi akalia kuliko wote na kuomba aonyeshwe tena. Kisha dada yangu akafuta uso, akaingia langoni kwa miguu yote miwili, akasahau hata kumdai mbuzi mmoja aliyekuwa akitajwa.

Tangu siku hiyo watu watatu wa kule wameniita kwenye harusi zao, na Zakariye anawaambia wateja kwamba yeye ndiye aliyenitia moyo. Nimemwachia, ni mzee wangu wa kazi. Furaha niliyo nayo haiishi.

Mwisho wa mwezi nakuja Illasit na sanduku. Niligeuza kamera pia, nikampiga picha akiingia kwake, akicheka, na sasa ni zamu yako kuona. Mila inakukataza kwenda harusini kwa mkweo, lakini haijakataza sanduku la binti yako kurudi nyumbani. Msalimie Baba tena, na watoto wa boma, na kuku ambao nimewanyima haki. Phylis, ubarikiwe, na ujipanguse macho ufungue duka.

Nalotuesha anakusalimu kuliko sisi wote. Anasema usimrudishie ile sweta. Anasema ukisikia gari langu, utoke mpaka kwenye josho ukiwa umeivaa, na usiwasingizie mbuzi tena.

Ni mimi mwanao,
Lemayian