Dole Gumba la Kulia

3 Machi

Mwanangu karani,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti langu linaijua mvua kabla ya mawingu. Wewe unakula?

Baba yako mdogo amechukua tena ruzuku ya mbolea ya shamba la bondeni, ninalolima mimi tangu tumzike baba yako. Kamwambia bwana shamba mimi mjane tu, naishi kwa hisani yake. Nilipomuuliza, alinisukuma nikagonga kichwa kwenye mlango wa ghala. Usikasirike, uvimbe umeshuka. Wewe ndiye unayeshika daftari la wakulima huko wilayani, basi tazama kama jina langu linaweza kuingia.

Mama yako

11 Machi

Shikamoo mama,

Sijambo, na nakula. Kichwa vipi?

Shamba nimeliandika kwa jina lako. Tena mwaka huu hawalipi kwa jina tu: mkulima anaweka dole gumba la kulia mbele ya mlipaji. Mwambie Baba Mdogo hivyo hivyo. Bila dole lako hagusi kitu, na hilo hawezi kukuibia.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Usishangae mwandiko, nashika kalamu kwa kushoto.

Nilimwambia kama ulivyosema. Nilicheka pia, Mungu anisamehe, maana miaka mitatu sikuwa nimemcheka. Kesho yake asubuhi alinikuta napalilia. Alinikalia kifuani, akaulaza mkono wangu juu ya kisiki cha mpakani na kutoa panga. Akasema, "Tuone sasa utaweka nini." Alikata dole mara mbili, kwa sababu pigo la kwanza lilikwama kwenye mfupa. Jirani alinifunga kwa gunia la mbolea, akanipeleka zahanati.

Polisi wameandika, wamesema watakuja. Yeye yupo kwake, anapiga soga. Mwanangu, una hasira za baba yako. Nakuomba usije mpaka nikuite.

Mama yako

9 Aprili

Mwanangu,

Mbona kimya? Au barua zinatembea kwa miguu?

Leo nilikwenda kwenye malipo na bandeji yangu, nikijua narudi mikono mitupu. Mlipaji akatazama, akasema, "Mama, weka la kushoto, linatosha." Kumbe ni hivyo tu! Nilicheka mpaka watu wakanisogezea kiti. Baba yako mdogo alikuwepo kwenye foleni, na uso ulimshuka. Amenikata bure, mwanangu. Nimenunua mbolea mifuko miwili. Polisi wanakuja Alhamisi, kwa hiyo kaa kazini kwako.

Mama yako

20 Aprili

Shikamoo mama,

Barua yako ya tarehe tisa imenifikia huku mahabusu. Ilipofika kazini nilikuwa nimeshaondoka.

Nilishuka kwenye basi nikaenda kwake moja kwa moja, sikupita kwako kwa sababu ungenizuia. Alikuwa ghalani. Nilimpiga kwa jembe la mpini mrefu, goti kwanza, ili asikimbie. Aliinua mikono akasema, "Mama yako kashalipwa, kaweka la kushoto." Nikamwona mwongo mpaka mwisho wake. Nilimpiga kichwani, nikaendelea hata alipokuwa hasemi tena.

Mama, mwongozo wa malipo nilikuwa nao mezani tangu Januari. La kushoto limeandikwa ukurasa wa pili. Mimi nilisoma wa kwanza nikakimbilia kukutambia.

Jana niliweka dole kwenye maelezo yangu ya polisi. Naogopa. Nisamehe.

Mwanao

1 Mei

Marahaba mwanangu,

Nimelia mpaka nimechoka. Jumamosi nakuja na shuka na sabuni. Usiniombe radhi kwa karatasi, utaniomba ukiniangalia.

Mahindi ya bondeni yamefika magotini. Juzi mke wa baba yako mdogo alikuja mlangoni, nikadhani kaja kunitukana. Alisimama tu. Kisha akaniuliza shamba lao sasa litaandikwa kwa jina la nani, kwa kuwa naye ni mjane. Hajui kusoma. Nikamkaribisha ndani, nikamjazia fomu kwa mkono huu wa kushoto, nikamwonyesha pa kuweka dole.

Mama yako