Chupa ya Mwisho Uliyoipanda

Yaya Georgette, dada yangu mkubwa wa kazi,

Ndama hajafa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, kabla ya kuuliza watoto wanaendeleaje, kabla hata ya kuuliza nani alilia sana kwenye matanga yako. Seli zako zipo hai. Ilibaki kidogo tu, na nitakueleza ilivyokuwa.

Ila kwanza habari za watu. Mama yako alifika kutoka Boga na tope hadi magotini, akakaa kwenye mkeka kando ya jeneza, hakutaka kiti. Kwaya ya wamama iliimba mpaka sauti zikakauka. Moyo wako, ule uliokuwa unasema unadunda tu kwa sababu ya ngazi za maabara, ulisimama ukiwa unajifunga kitenge uje kazini. Sisi tulikuwa tunakungoja. Mimi nilikasirika, Yaya. Nilisema leo naye kachelewa, na mimi nikichelewa ananinunia mpaka saa sita. Halafu simu ikalia.

Matangani watu waliniuliza kazi yako ilikuwa nini hasa. Wengi walijua una ndama mjini Bunia, wakadhani unafuga nyuma ya nyumba. Nikawasimulia lile figo. Kwamba ndugu yako alipooa, mkachinja ndama, wewe ukaliomba figo likiwa bado na joto, na mjomba wenu alikuwa amekwisha kulitengea sahani. Kwamba ulilitia kwenye termosi yenye maji ya chumvi baridi, ukapanda pikipiki ukiwa na nguo zako za harusi, ukaondoka kabla ya keki kukatwa. Mjomba mwenyewe alikuwapo hapo matangani. Alitikisa kichwa akasema, "Ile figo, mpaka leo inaniuma." Watu wakacheka, hata mama yako.

Nikawaambia kwamba ulilikatakata lile figo, ukaziachanisha seli zake, ukazipanda kwenye chupa za plastiki. Nyingi zilikufa. Chache zikakataa kufa, na hizo ndizo Ndama. Humo ndimo tunamokuza virusi vya magonjwa ya ng'ombe, tujue ni ugonjwa gani umeingia zizi gani. Nikawaeleza kwamba seli hukaa kwenye kitako cha chupa zimeishikilia plastiki na kushikana zenyewe kwa zenyewe. Zikijaa hubanana na kuanza kufa. Ni lazima zihamishwe, na huwezi kuzihamisha bila kuzibandua. Dawa ya kuzibandua ni tripsini, kimeng'enya, kitu kilekile kinachosaga nyama ndani ya utumbo wetu. Ukikiondoa mapema, hakuna kinachotoka. Ukikiacha mno, kinazila seli zenyewe. Shangazi yako akasema basi hiyo ni kazi ya kuachisha mtoto ziwa. Nilitamani ungekuwapo umsikie, kwa sababu mimi miaka yote hii sijawahi kuieleza vizuri hivyo.

Sikuwahi kukuambia jinsi nilivyokuwa nakutazama ukifanya kazi. Tulipokuwa na wageni waliosomea mbali, wao waliweka tripsini, wakatazama saa. Wewe ulitazama seli. Ulikuwa unainamia darubini na kuzisemesha kwa kinywa kilichofungwa barakoa, "Bado. Bado. Haya, mukuje sasa." Siku umeme ulipokatika na jenereta ikagoma, uliziba kifuniko cha chupa barabara, ukaiweka tumboni chini ya koti lako, ukazunguka nayo chumbani kama mama aliyebeba mtoto mbele. Nilikuwa naona aibu kwa ajili yako. Seli zikatoka nzima, na aibu yangu ikaisha hapohapo. Na nilipoigongagonga chupa mezani kwa pupa ili zitoke upesi, ulinishika mkono. "Weye Mapenzi, acha kuipiga. Chupa haiko muwizi."

Basi sikiliza. Unajua kwamba akiba yetu iliyogandishwa iliharibika pale barabara ilipofungwa, naitrojeni ya kugandishia ikatuishia. Jioni ukasema tutaishi na zile zilizo hai. Kwa hiyo ulipoondoka, Ndama yote ilikuwa kwenye chupa moja, ile kubwa tuliyoiita chupa mama, ambayo mkono wako tu ndio ulioigusa. Mimi nilipewa zile za pembeni, zenye seli za aina nyingine. Nilikuwa nanung'unika, na wewe ulikuwa unasema siku yangu itafika.

Desturi ni desturi: mtu wa kazi moja na marehemu haondoki matangani kabla ya kuzika. Nilikaa. Bahati wetu, yule anayetunza vyombo, ndiye aliyekuwa anakimbia maabara na kurudi, nami nilimwambia azibadilishie chakula tu, asiguse kingine. Tulipokwisha kukuzika, nikiwa na udongo wako kwenye kucha, nilikwenda moja kwa moja kwenye kabati la joto. Seli zilikuwa zimejaa pomoni, nyingine zimeanza kupandana na kubadilika sura. Hazikuwa za kungoja tena.

Nikanawa, nikavaa glovu, nikamwaga chakula chao, nikazisuuza, nikatia tripsini. Nikazirudisha kwenye joto. Nilipoziangalia zilikuwa zimelala vilevile, bapa, kama hazijaguswa. Nikangoja. Hakuna. Bahati akasema tuzikwangue. Nikamzuia, Yaya, kwa sababu kwenye friji ilibaki tripsini ya mara moja tu, na ukizikwangua zilivyobanana vile unazipasua. Nilikuita chini chini. Nilisema, sasa unataka nifanye nini?

Kisha nikamwuliza Bahati alizilisha nini. Akainama. Akasema, "Maskini, ziko yatima. Minaona zikule vizuri." Alikuwa amezijazia seramu ya ng'ombe, yale majimaji ya damu, kupita kawaida, na kila alipopita akaziongezea. Huko kwako watu walikuwa wanaleta masufuria ya pondu, yale majani ya muhogo, na maharagwe, maana nyumba ya msiba haiachwi na njaa, naye akaona chupa nayo ni nyumba ya msiba. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikalia, na Bahati akalia pia, tukasimama pale kama wajinga wawili.

Lakini hapo ndipo nilipoona ugonjwa. Seramu ndiyo inayolisha seli, na seramu hiyohiyo ndiyo inayozima tripsini. Ndiyo maana sisi huimimina mwishoni, kimeng'enya kiache kuuma. Mimi nilizisuuza mara moja kwa haraka, kama chupa ya siku zote, na mabaki yakatosha kuimaliza dawa yangu kabla haijaanza kazi. Wewe ulikuwa unasuuza, unainamisha chupa, unangoja tone la mwisho lishuke pembeni, unalifyonza, halafu unasuuza tena. Nilidhani ni maringo ya mtu mzima. Samahani kwa wazo hilo.

Nikazisuuza kama wewe. Nikainamisha, nikangoja tone. Tripsini ya mwisho niliipasha joto kwapani, kifuniko kimefungwa, maana ndivyo ulivyokuwa unafanya na sikutaka kubadilisha kitu hata kimoja. Nikaimimina, nikainama kwenye darubini, sikuangalia saa.

Zilianza pembeni. Moja ikajikunja, ikawa duara, ukingo wake uking'aa. Jirani yake naye. Halafu kundi zima likaanza kuachana polepole, mikono yao ile mirefu ikirudi ndani. Nilijisikia nikisema, "Bado. Bado." Nilipoiinua chupa na kuigusa ubavuni kwa kiganja, ziliteremka zote kama uji mwembamba. Nikaizima tripsini kwa chakula kipya, nikazigawa katika chupa mbili. Usiku ule sikulala. Seli zinazoelea bado si mali ya mtu, wewe ndiwe uliyesema. Mpaka zishike chini.

Asubuhi zilikuwa zimeshika. Zimejinyoosha, zimetawanyika vizuri, na nafasi kati yao ya kukua. Bahati alipiga ishara ya msalaba. Mimi nilikaa kwenye stuli yako kwa mara ya kwanza.

Sasa nikuambie lililonishinda kwa muda. Ile chupa tupu ilikuwa bado mezani, na juu yake mwandiko wako: Ndama, tarehe, na G. yako yenye mkia mrefu. Wewe ulizipanda humo seli kwa mkono wako siku chache kabla. Kila moja iliposhika ile plastiki, ilishika mahali ulipoiweka wewe. Nami nilizitoa zote. Nilifanya kazi yangu vizuri, sikuacha hata moja nyuma, na nilipoichungulia chupa kwenye mwanga niliona hakuna tena kitu chako humo ndani. Hilo liliniuma kuliko jeneza. Jeneza walilibeba wengine.

Nilitaka kuichukua nyumbani. Nilikwisha kuifunga kwenye kitambaa. Lakini chupa iliyotumika hailali nje ya ndoo ya javeli, dawa ya kuua vijidudu, na wewe ulimfukuza mwanafunzi mzima kwa kosa la namna hiyo, tena mtoto wa mkubwa. Bahati alisema angeizamisha yeye, mimi niende nje nipate hewa. Nikakataa. Niliizamisha mwenyewe, nikaishikilia chini mpaka mapovu yakaisha.

Mama yako alirudi Boga jana. Alipita maabara kuniaga, nikamwekea jicho kwenye darubini. Alitazama muda mrefu, akauliza nani anazitunza sasa. Nikasema, "Ni miye, Mama." Akanishika kidevu, akanigeuza uso upande huu na upande ule kama anayenunua mbuzi, halafu akasema, "Weye uko mwembamba. Kula."

Nenda salama, Yaya wangu, uliyenifundisha kungoja. Mungu akupokee kwa mikono ya taratibu kama yako. Nakuahidi naitrojeni ikifika nitagandisha akiba kabla ya kufanya lolote, na chupa moja nitaipeleka maabara nyingine ili Ndama isikae tena nyumba moja. Nakuahidi nitasuuza mara mbili. Chupa mama mpya ipo kwenye rafu yako ya juu, kwenye kabati la joto. Niliishika kalamu muda mrefu, mkono ukitaka kuandika G. Nimeandika M.

Mdogo wako,
Mapenzi