Muziki wa Jana Morogoro

Kilosa, Jumapili usiku

Kuku alikuwa mtamu, hilo sikatai. Mwanangu Hamisi alinialika Morogoro wikiendi hii tusikilize bendi ya jazi, akaniagizia na soda ya kopo, hizi zinazoingia kutoka nje siku hizi.

Jana ukumbini, tarumbeta ilipoanza, miguu ilicheza yenyewe chini ya meza. Marehemu baba yake Hamisi asingeningoja nimalize kutafuna, angenivuta tukacheze.

Hamisi akaniinamia. "Mama, kelele zimezidi? Nikupeleke ukapumzike?"

Nikajibu, "Haya, twende." Kwa nini sikumwambia kwamba nataka kucheza...

Alinifikisha chumbani kwake, akarudi ukumbini. Nilikaa kitandani bila kuvua viatu, muziki ukisikika mpaka pale. Nimemzaa, nimemlea, na hajui kama mama yake anacheza dansi.